Binti wa Wete, vyuo sita vya Marekani na kiti kimoja cha Bweleo

Binti huyu ni wa kijiji kimoja jirani na Wete, Pemba. Baba ana mikarafuu ya urithi, si mingi. Mama anashona nguo na asubuhi anauza vitumbua. Kidato cha nne alipata daraja la kwanza la pointi 7, yaani A katika masomo yote saba yanayohesabiwa, na juu ya hapo hakuna pa kupanda tena. Akavushwa Unguja kwa kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, akakaa kwa shangazi yake Mpendae. Akiwa kidato cha sita aliomba vyuo sita vya Marekani, vyote vya majina makubwa. Ilipofika mwisho wa Machi 2024, vitano vilikuwa vimemkataa na kimoja kimemweka kwenye orodha ya kungojea. Hicho nacho kilimkataa baadaye. Mwaka huohuo akafanya mtihani wa mchujo wa tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililopo Bweleo, Unguja, akaitwa kwenye usaili, akapata nafasi.

Ugomvi wa familia ulianza pale alipopata. Ami yake aliyeko Muscat, ambaye ndiye aliyelipia mitihani na safari zote, alitaka nafasi ya Bweleo iachwe, mtoto akae nyumbani mwaka mmoja, aombe Marekani upya. Baba alitaka aende Bweleo bila kuchelewa. Shangazi wa Mpendae alikuwa upande wa ami. Mama alisema neno moja tu: wamwache mtoto alale.

Mimi nasomesha hisabati, na watu huniletea fomu za vyuo niwasomee. Safari hii nililetewa faili zima, fomu, insha, barua na majibu, pamoja na swali moja: amekosea wapi? Wameridhia niandike, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, wala skuli zake, wala vyuo vilivyomkataa.

Kwanza kile ambacho hakikumwangusha. Tangu Machi 2023 SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani hupimia waombaji, kwa walio nje ya Marekani unafanywa kwenye kompyuta, na mtahiniwa huja na yake au aombe mapema kuazimwa. Yeye aliazima ya mtoto wa shangazi yake, akapanda boti kwenda Dar es Salaam, akalala kwa jamaa Kariakoo, asubuhi akaingia chumba cha mtihani. Ada peke yake ilipita dola 100. Hisabati alipata 790 kati ya 800; kusoma na kuandika 640. Kiingereza kilimshusha kidogo, lakini hizo si alama za mtu kufungiwa mlango. Wala tusimhesabu kuwa na mkosi. Harvard peke yake, katika mzunguko ule wa 2024, ilipokea maombi 54,008 ikatoa nafasi 1,937. Hawafiki 4 kwa kila 100. Anayekataliwa huko yuko pamoja na wengi. Ila mzigo huo wa kukataliwa hawaubebi watu wote sawasawa, na faili hili linaonyesha kwa nini.

Nafasi saba tupu

Fomu ya pamoja ambayo vyuo vingi vya Marekani huitumia ina nafasi 10 za kuandika mambo anayoyafanya mwombaji nje ya darasa, na kila moja ina maelezo yasiyozidi herufi 150. Binti alijaza nafasi tatu. Ya kwanza: kiranja. Ya pili: nasomesha watoto madrasa. Ya tatu, kwa Kiingereza cha adabu kabisa: nawasaidia wazazi wangu nyumbani. Saba zilizobaki ziko tupu.

Nikamuuliza hiyo ya tatu ina nini ndani yake. Akamtazama baba yake. Baba akaingia chumbani, akatoka na kauntabuku lililochakaa pembe.

Tangu binti yuko darasa la saba, kila msimu wa karafuu yeye ndiye mwenye daftari. Jioni wachumaji wanateremka na magunia, karafuu zinapimwa kwa pishi, naye anaandika: nani kaleta pishi ngapi, nani keshachukua fedha mbele, nani mzigo wake umejaa vikonyo. Kurasa za nyuma zina kitu kingine, ambacho hakuna aliyemtuma. Kwa kila mzigo ulioanikwa ameandika uzito wake ukiwa mbichi, siku ulizokaa juani, mara ngapi walilazimika kukunja majamvi kwa mvua, na uzito mkavu kama ulivyosomwa kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake. Yeye alikuwa akitafuta ni mizigo ipi theluthi hiyo haitimii, na kisha sababu: mvua, karafuu kuchumwa changa, au mkono wa mtu. Ni misimu minne ya tarakimu kwa kalamu ya bluu, safu zimenyooka. Msimu wa tatu aliweza kumwambia baba yake kabla hawajapakia kwamba leo mzani utasema kilo kadhaa, na akikosea ni kwa kilo mbili tatu.

"Kwa nini hukuandika hili?"

"Ningeandika nini, maalim? Pemba nzima watu wanaanika karafuu."

Mtoto wa familia yenye uwezo katika viunga vya Boston, akifanya robo ya kazi hiyo, ana mtu wa kumwambia kwamba hii ni kazi ya kuandikwa, tena namna ya kuiandika: kumbukumbu za misimu minne, makadirio yaliyopimwa dhidi ya mzani, hasara iliyogunduliwa. Wapo washauri wa kulipwa ambao kazi yao ni hiyo tu. Sisemi ni uongo. Ni ujuzi wa kujieleza, na huko unanunuliwa. Kwetu mtoto analelewa asijisifu. Akisema "nimefanya", bibi yake atamrekebisha: sema tumefanya. Akisifiwa mno mbele za watu, mama anaanza kuogopa kijicho. Aliyelelewa hivyo, akikaa mbele ya fomu inayomtaka aeleze ubora wake, ataandika kama alivyofunzwa. Kisha msomaji aliye mbali, mwenye mafaili mamia mezani, atasoma "nawasaidia wazazi wangu" na kufungua faili linalofuata.

Insha yake nayo ilikuwa hivyohivyo. Maneno 650 yaliruhusiwa. Aliandika juu ya umuhimu wa elimu kwa maendeleo ya taifa. Imepangika, haina kosa la sarufi, na ingeweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote kutoka Wete hadi Kigoma. Mwalimu wa Kiingereza angempa alama 18 kwa 20, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyowafundisha kuandika insha.

Halafu kuna barua ya Mwalimu Mkuu. Mistari mitano na muhuri. Ni mtiifu, ana heshima kwa walimu na wenziwe, hajawahi kupewa adhabu, amefaulu vizuri, tunamtakia kila la heri. Hapa Zanzibar hiyo ni barua nzuri; posa inaweza kupita kwa barua ile. Mwalimu Mkuu ana wanafunzi mamia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba msomaji wa ng'ambo akikuta sifa ya utii bila kingine anaona mtoto asiye na lake. Vyuo hutaka pia barua ya mwalimu wa somo. Ya mwalimu wa fizikia ilikuwa ni ileile ya Mwalimu Mkuu, saini tu ndiyo tofauti. Na mwalimu huyohuyo, nilipomtembelea, alinisimulia huku akicheka siku binti alipogoma kukubali jawabu la nyuma ya kitabu, akarudi kesho yake na kurasa mbili za hesabu, na ikawa kitabu ndicho kilichokosea. Katika skuli za kulipia za Marekani kuna mshauri anayesimamia wanafunzi wachache, na mshahara wake ni kukusanya visa kama hicho na kuviandika kwa kurasa mbili.

Mtihani ambao silabasi yake haikuchapishwa

Vyuo vile husema vinamtazama mwombaji kwa ukamilifu wake, havitazami alama tupu. Hoja ina uzito. Nimewaona wenye A zote ambao ukiwaondolea karatasi ya mtihani hawana swali hata moja la kuuliza. Lakini nikilisoma faili hili naona mtihani wa pili, uliofanyika bila mtahiniwa kujua kuwa anafanya mtihani. Una silabasi, una twisheni, una wasahihishaji. Silabasi hiyo haikuchapishwa, na barua ya kukataliwa haina alama. Ukianguka kemia kwenye mtihani wa NECTA, matokeo yanakwambia ni kemia. Hapa unaambiwa waombaji walikuwa wengi na wazuri.

Wasahihishaji hao waliwahi kufunguliwa makabati mahakamani. Kesi iliyodai kwamba Harvard inawabagua waombaji wenye asili ya Asia ilifunguliwa 2014, ikasikilizwa Boston 2018, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaimaliza Juni 29, 2023 kwa kupiga marufuku kuangalia rangi ya mwombaji. Magazeti yalishughulika na rangi. Kwangu, yenye faida ni yale yaliyotoka njiani. Ilibainika kila mwombaji anapewa alama za masomo, za shughuli, za michezo, na alama ya haiba. Katika haiba, Wamarekani wenye asili ya Asia walipewa na ofisi ya udahili alama za chini kwa wastani, ilhali wahitimu waliowafanyia usaili ana kwa ana hawakuliona pengo kubwa kama hilo. Jaji wa Boston hakukuta kwamba chuo kilikusudia kubagua. Katika kutafuta pengo lilitoka wapi, alizitaja barua za walimu na washauri wa skuli. Barua, kwa mara nyingine. Mtu ambaye hajamwona mtoto anaipima haiba yake kwa kalamu ya mtu mwingine.

Kesi hiyohiyo ilionyesha jambo ambalo mzee wa Pemba analielewa bila tafsiri. Waombaji ambao mzazi wao alisoma Harvard walikuwa wakikubaliwa kiasi cha theluthi moja. Wasio na mzazi huyo, kama 6 kwa kila 100. Mwezi mmoja baada ya hukumu, wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vya juu kabisa. Kwa watoto wenye alama sawa za SAT, wa familia za asilimia 1 ya matajiri wakubwa walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya wa familia za kati. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa upendeleo kwa watoto wa wahitimu. Zilizobaki zilikuwa michezo, na yale mambo yasiyo ya masomo ambayo skuli za kulipia zinajua kuyapamba. Kwenye vyuo vikubwa vya umma pengo hilo hawakulikuta. MIT haitazami mzazi alisoma wapi, Johns Hopkins na Amherst wameacha, na California ilipitisha sheria mwaka 2024 kuzuia hata vyuo binafsi. Vingi kati ya vilivyobaki bado vinauliza. Kwenye faili la binti, sehemu ya elimu ya wazazi imejazwa kwa ukweli: baba darasa la saba, mama hakumaliza.

Na wao wanaotegemea mtihani mtupu

India wameamua kinyume. Kuingia shahada ya kwanza ya uhandisi IIT, kwa karibu wote, ni mtihani, basi. Watoto zaidi ya milioni moja hufanya JEE Main, mtihani wa awamu ya kwanza, wa juu kama 250,000 huruhusiwa kufanya wa pili, JEE Advanced, na mwaka 2023 viti katika IIT zote 23 vilikuwa elfu 17 na ziada. Insha hakuna, barua hakuna, na hakuna anayeuliza babako alisoma wapi. Nafasi za kundi maalumu zipo na asilimia zake zimeandikwa: 15 kwa matabaka yaliyotengwa tangu zamani, 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa, 27 kwa jamii nyingine zilizobaki nyuma, na tangu 2019 asilimia 10 kwa maskini wa matabaka yasiyo na fungu. Wahindi wanazigombania kila siku, lakini wanachokigombania wanakijua.

Mtihani wa wazi nao hununuliwa. Mji wa Kota, Rajasthan, unaishi kwa twisheni. Watoto wa miaka 15 na 16 wanapelekwa kukaa huko mwaka hadi miaka miwili wakikariri, na wanaojiua wamekuwa jeraha la nchi nzima. Baba asiye na fedha za Kota hana mtoto mwenye nafasi sawa. Sitaki mtu anisome hapa akadhani nahubiri mtihani. Ninachosema ni kwamba mtoto wa mkulima aliyeanguka JEE anajua ameangukia wapi, na mdogo wake anaweza kuanzia pale.

Na kwetu tusijifanye wageni wa mambo haya. Baada ya Mapinduzi ya 1964, elimu bila malipo ilipotangazwa Septemba 23 mwaka huo, skuli za sekondari zilikuwa chache na nafasi zikaja kugawiwa kwa uwiano wa makabila. Wapo wazee wanaoona ilikuwa haki iliyochelewa, na wapo ambao ndugu yao alifaulu akaachwa. Litaje jambo hilo barzani Wete alasiri, chai itapoa vikombeni.

Bweleo, na maneno ya mlango wa nyuma

Mkataba wa tawi la Bweleo ulisainiwa Julai 2023 mbele ya Rais Hussein Ali Mwinyi na waziri wa mambo ya nje wa India, S. Jaishankar. Ni IIT ya kwanza nje ya India. Shahada inatolewa na IIT Madras yenyewe, chuo kilichoanzishwa 1959, ambacho tangu 2019 kinashika nafasi ya kwanza kati ya vyuo vyote katika orodha ya serikali ya India. Mkurugenzi wa kwanza wa tawi la Bweleo, Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa IIT. Ila Bweleo hakuna JEE. Kuna mtihani wake wa mchujo na usaili, na watu wa mataifa yote, Wahindi wakiwemo, wanaruhusiwa kuomba.

Hapo ndipo maneno ya mitandaoni yalipopata chakula. Watoto wetu wanakesha Kota, waliandika baadhi ya Wahindi, na huko kisiwani mtu anaingia IIT kwa mtihani mwingine na ada ya dola 12,000 kwa mwaka. Binti aliyasoma kwenye simu usiku uleule aliopata barua ya kukubaliwa. Asubuhi shangazi naye akawa ameyasoma. Hakuna kilichompa ami nguvu kama hicho: hata wenyewe wanasema si IIT ya kweli.

Mimi sikubaliani nao. JEE inagawa viti vinavyogharamiwa na walipa kodi wa India. Kiti cha Bweleo hakikutolewa chini ya mtoto wa Kota. Na mtihani wa mchujo pamoja na usaili ni kipimo, hata kama si kile kilichowatoa wao jasho. Kinachowauma ni kwamba thamani ya jina lao imejengwa na wingi wa walioachwa nje, na mtu akiingia kwa njia nyingine wanaona thamani inapungua. Hayo ni malalamiko ya hadhi, yamevaa nguo za haki. Ungewauliza Wamarekani waliosoma chuo kikubwa wangekuwa na yaleyale.

Swali la haki la Bweleo liko kwingine, kwenye hizo dola 12,000. Baba wa karafuu hazioni hizo. Kwa hiyo mchujo wa kweli kwa mtoto wa Pemba ni ufadhili: nani anapata, kwa vigezo gani, nani anapanga mstari. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa upande wake huandika kwenye mwongozo wa udahili kila programu inataka masomo gani na pointi ngapi, na kiwango cha chini cha kufaulu masomo mawili kwa alama kuu, jumla pointi 4, kila mwanafunzi wa kidato cha sita anakijua kwa moyo. Ningependa kila ufadhili unaotolewa kwa Wazanzibari, na serikali au na yeyote, uandikwe hivyo, na anayekosa apewe alama zake. Watu hapa hawakasiriki kwa kukosa. Wanakasirika kwa kutojua, na pengo la kutojua hujazwa haraka sana na neno "kujuana". Binti huyu alipata ufadhili wa ada. Wiki hiyohiyo jirani aliuliza ni mtoto wa nani huko juu.

Ami si mjinga

Inapendeza kumfanya ami kuwa mtu wa majivuno, lakini hoja yake nimeipima nikaikuta nzito. Ameajiriwa Muscat miaka mingi na anajua wasifu wa kazi unavyosomwa: jina la chuo kwanza, mengine baadaye. Wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowafuatilia Wamarekani walioanza chuo 1976. Waliokubaliwa na vyuo vyenye mchujo mkali wakachagua kwenda kwingine, mishahara yao baadaye haikutofautiana na ya waliokwenda. Utafiti huo hunukuliwa sana na wenye kutaka kusema jina si kitu. Wanaruka sentensi inayofuata: kwa watoto wa familia za kipato cha chini, jina lilisaidia. Utafiti wa akina Chetty nao ulikuta kwamba chuo cha juu hakibadilishi sana kipato cha wastani, lakini kinaongeza kwa kama nusu uwezekano wa mtu kufika kwenye asilimia 1 ya juu kabisa. Kwa lugha ya Wete: mtoto wa bwana mkubwa atapata kazi kwa simu ya baba yake, akisoma popote. Mtoto wa karafuu hana simu hiyo, na jina la chuo linaweza kumpigia. Wanaolihitaji zaidi jina ndio hao ambao fomu haiwaoni.

Shangazi alikuwa na hoja yake pia, nyepesi zaidi. Mtu alimwambia Bweleo ndicho chuo cha bosi wa Google, halafu akagundua Sundar Pichai alisoma IIT ya Kharagpur, si ya Madras, akajiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilimweleza kuwa ni vyuo vya ukoo mmoja. Hakuridhika sana.

Kwa nini basi nilimuunga mkono baba? Kwa sababu ya kisanduku kimoja kwenye fomu. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vichache havimtazami mgeni uwezo wake wa kulipa wakati wa kumchagua. Vingi vilivyobaki, hata vyenye fedha nyingi, humtazama raia bila kujali fedha, lakini mgeni anayeomba msaada wa ada wanamweka kwenye mizani nyingine. Kati ya vyuo sita alivyoomba, viwili tu vilikuwa vya kundi la kwanza. Vinne alivichagua ami kwa majina. Kwenye vyote sita alitia alama kwamba anahitaji msaada, na ilikuwa lazima atie, maana ahadi ya ami ilikuwa tikiti na gharama za mwaka wa kwanza. Hilo halikuzungumzwa nyumbani kwao hata siku moja. Kila mtu alidhani kukataliwa ni hukumu juu ya akili ya mtoto.

Kuomba upya kwa faili lilelile, kwa vyuo vilevile, kungeleta majibu yaleyale. Mwaka wa kukaa nyumbani ungeongeza nini? Barua isingebadilika, fedha zisingebadilika. Na msichana akikaa nyumbani mwaka mzima baada ya kidato cha sita, nyumba za Pemba zina mipango yake. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote na ndiyo maana alikuwa kimya. Nilimwambia ami kwa simu, kwa heshima zote, kwamba kama anaweza kuandika leo ahadi ya miaka minne, tuzungumze. Akasema atanirudia.

Oktoba binti aliingia Bweleo, shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili bandia. Ami alinuna hadi Ramadhani, Idi wakapatana. Skuli yake ya zamani nilikwenda na nakala ya kauntabuku nikamwonyesha Mwalimu Mkuu. Alilipekua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: na hao mia tatu wengine, nitawaandikia kisa kila mmoja saa ngapi, na nisomeshe saa ngapi? Tumekubaliana jambo dogo: wanaoomba nje waandike wenyewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wakisaidiwa na mwalimu wa darasa, juu ya kazi wanazofanya nyumbani, na barua itokane na ukurasa huo. Kurasa za kwanza zilizoletwa zilikuwa na sentensi mbili mbili. Tunaendelea kuwahoji.

Kwa binti mwenyewe, ushauri wangu umekuwa wa kikazi tu. Shahada ya uzamivu katika sayansi kwenye vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida husamehewa ada na hulipwa posho, wageni wakiwemo, na idara ndiyo inayochagua, kwa kazi alizofanya mtu na barua za maprofesa waliomwona akizifanya. Kwa hiyo atafute mapema, mwaka huu, mwalimu mmoja wa kumpelekea lile kauntabuku, na akiulizwa ni kazi ya nani, aseme ni yake. Ami ameshaanza kuuliza tarehe za mwisho za maombi.